Jani jembamba, jani nene: kwa nini mbuyu hupukutika na msitu wa Rubeho hubaki kijani

Mwezi wa Agosti, mkoa wa Dodoma una misitu ya sura mbili. Nyanda za chini, kuanzia Bahi hadi Mtera, mibuyu haina jani hata moja na vichaka vimebaki fito tupu. Ukipanda Milima ya Rubeho upande wa Mpwapwa, huko juu penye ukungu, unaingia msitu wa kijani mwaka mzima, ambao ardhi yake huwa na unyevu hata wakati huo. Mvua ina sehemu kubwa katika tofauti hiyo, lakini maelezo kamili yamo ndani ya jani lenyewe.

Jani ni mtaji. Kabla halijazalisha chochote, mti umeshaligharimia sukari, nitrojeni na fosforasi. Gharama hiyo hurudi kidogo kidogo kadiri jani linavyonasa mwanga na hewa ukaa. Kwa hiyo jambo la msingi ni muda: jani litapata miezi mingapi ya kufanya kazi kabla mazingira hayajalikatalia?

Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu. Mti wa hapa unafaidika zaidi na jani la bei nafuu: jembamba, laini, lenye nitrojeni nyingi, linalotengeneza chakula kwa kasi ili gharama yake irudi ndani ya kifuku kimoja. Wakati wa mvua, chuma jani la mbuyu na jani lililokomaa la mwembe, uyaweke juu ya jiwe juani. La mbuyu hunywea upesi. La mwembe hubaki limekakamaa, na ukilikunja huvunjika kwa mlio. Ugumu huo ni nyuzi na kuta nene za seli, ambazo mti umezilipia ili jani lidumu.

Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na Ian Wright lilichapisha katika jarida la Nature vipimo vya majani ya aina 2,548 za mimea kutoka maeneo 175 duniani. Mwelekeo ulikuwa mmoja: jani lenye uzito mkubwa kwa kila sentimeta ya mraba huishi muda mrefu na huzalisha polepole, jepesi huzalisha haraka na kufa mapema.

Kiangazi kikiingia, jani jembamba huwa hasara. Ili lipate hewa ukaa ni lazima lifungue stomata, yaani vitundu vyake vidogo, na humo humo maji hutoka. Udongo ukishakauka, mti ukiendelea kuvuta maji, mapovu ya hewa huingia katika mirija ya shina na kuiziba. Ndiyo maana mti huangusha majani, lakini kwanza huyanyonya: karibu nusu ya nitrojeni na fosforasi hurudishwa matawini kabla jani halijaachiwa.

Wengi huamini kwamba mbuyu huhifadhi maji shinani ili uyatumie kiangazi chote. Utafiti uliofanywa kwa mibuyu ya Madagaska ulionyesha jambo jingine: maji hayo hutumika hasa kuchipusha majani mapya kabla mvua hazijaanza. Mbuyu huingia msimu ukiwa tayari kufanya kazi, wala haupotezi siku za mvua kutengeneza majani.

Rubeho hali ni tofauti. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo yenye vilele vya zaidi ya meta 2,000, hupoa, na kuacha ukungu na mvua. Jani likiweza kufanya kazi karibu miezi yote 12, linastahili kujengwa nene.

Mbali huko kaskazini, Kanada na Ufini, misonobari ni kijani mwaka mzima ingawa majira ya joto ni mafupi. Huko msimu mmoja hautoshi kurudisha gharama ya jani, hivyo mti hulitunza kwa miaka kadhaa. Udongo maskini nao husukuma upande huo huo, kwa sababu mti usiopata virutubisho kwa urahisi hauwezi kuvimwaga kila mwaka.

Naomba sana tusikate mti wa asili kwa sababu tu hauna majani mwezi wa Septemba. Kwangua gome la kitawi kidogo kwa ukucha: ukiona kijani chenye unyevu, mti uko hai. Na tunapopanda, tusidai kila mti uwe wa kivuli cha mwaka mzima. Miti ya namna hiyo, ikipandwa mahali ambapo mizizi haifikii maji, itatutegemea kwa ndoo kila kiangazi.

Kwa mkulima, upo mti mmoja unaokwenda kinyume na mingine yote: mkababu, Faidherbia albida, unaoota kwenye mabonde na kingo za mito ya mchanga. Mizizi yake hufika maji ya chini sana, hivyo huwa na majani kiangazi na huyaangusha mvua zinapoanza. Mtama na uwele chini yake hupata jua na mbolea kwa wakati mmoja, na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Ukiona mche wake unapolima, uzungushie miiba na uuache ukue.