Muziki wa bahari ukumbini Mwanza: yasemwayo na yalivyo

"Mtunzi wa muziki wa bahari lazima aliishi pwani." Mtunzi Mfaransa Claude Debussy alianza kuandika La Mer ("Bahari"), kipande chake cha okestra, mwaka 1903 akiwa Burgundy, Ufaransa, bara kabisa. Mawimbi yake yanatokana na namna ala zilivyogawanywa: katika sehemu ya kwanza kuna mahali panapotaka selo 16 (ala kama vayolini kubwa, za sauti nzito), zikigawanywa makundi manne, kila kundi na mstari wake. Okestra yenye selo sita ikijilazimisha, kila mstari hubaki na mtu mmoja au wawili, na wimbi linakonda.

"Piano imo humohumo ndani ya La Mer." Haimo. Mpiga piano akialikwa, apewe konseto yake (kipande cha piano pamoja na okestra), nayo ipigwe kabla ya mapumziko. Piano kubwa ya ukumbini ina urefu wa karibu mita 2.7 na uzito wa kilo 500 hivi. Huondolewa jukwaani wakati watu wako nje wanakunywa soda.

"Piano ikituniwa (nyuzi zikirekebishwa sauti) mara moja, kazi imekwisha." Hii imeenea kwa sababu kwaya zetu zimezoea kinanda cha umeme, ambacho hakijali hewa. Piano ni mbao na nyuzi zaidi ya 200. Masika au vuli, unyevu wa ziwani ukiingia, ubao wa sauti huvimba na kuzisukuma nyuzi juu. Sauti hupanda, hasa katikati ya kibodi. Kiyoyozi kikiwashwa mchana, mbao hukauka na sauti hushuka. Kwa hiyo piano ifike ukumbini siku mbili au tatu kabla, ikae mbali na jua, feni na mdomo wa kiyoyozi. Kiyoyozi kikitumika, kisizimwe usiku; hewa isiyobadilika ina faida kuliko hewa kavu. Fundi atuni kabla ya mazoezi ya mwisho, kisha arudi kugusa nyuzi zilizoteleza kabla milango haijafunguliwa. Saa hiyo anahitaji ukimya, kwa hiyo wa kupanga viti wasubiri.

"Okestra hutuni kwa oboe (ala ya kupuliza) siku zote." Si penye piano. Kiongozi wa vayolini hubonyeza noti A kwenye piano, wengine wanaifuata, maana piano yenyewe haibadiliki kwa dakika moja. Ikiwa imepanda mno, wapulizaji ndio hupata taabu: wanaweza kuinua sauti kidogo tu.

"Ufukweni ingependeza zaidi." Kwa picha, labda. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, vayolini zinapotea, na lazima maikrofoni. Upepo hupeperusha karatasi (vibanio vya nguo vinasaidia), na taa zikiwaka vijidudu vya ziwani huvamia nyuzi na midomo ya ala.

Kuhusu viti: kibodi hukaa kushoto kwa watazamaji. Apendaye kuona vidole aende huko. Aliyekosa nafasi akakaa kulia hajapunjwa sauti, kwa kuwa mfuniko wa piano huielekeza ukumbini.