Mjomba Anataka Kustaafia Nje: Dhana Zinazozunguka Barazani Mtwara

Msimu wa korosho ukiisha na pesa zikishaliwa, pale kwenye kahawa Shangani hakosekani mstaafu anayetaka kuhama nchi. Safari hii ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Mpwa wake mmoja wa Dar kamrushia kwenye simu orodha ya "nchi kumi bora za kustaafia", naye akaja nayo barazani kama hati ya shamba.

Dhana: Nchi ikiandikwa ni rahisi, ni rahisi kwa kila mtu.

Swali ni rahisi kwa mfuko wa nani. Numbeo, mtandao unaonukuliwa sana kwenye orodha za namna hii, huipa New York alama 100 na kuipima miji mingine kwayo. Mtu wa New York akitoka kwao, karibu kila anakokwenda ataona bei za bure.

Halafu kuna mlango wenyewe. Ureno, iliyokuwa juu kwenye orodha ya mjomba, ina viza iitwayo D7 kwa watu wanaoishi kwa pensheni au kodi za nyumba. Kipato inachokutaka uwe nacho hufuata mshahara wa chini wa kule, ambao mwaka 2025 ulikuwa euro 870 kwa mwezi. Ukienda na mwenzi, unatakiwa uonyeshe nusu ya hiyo tena juu yake. Nikaandika nyuma ya risiti ya chama cha msingi: zaidi ya milioni mbili za kwetu kila mwezi. Pensheni ya mjomba ni laki tatu.

"Na mke wangu umeshamtia?" akauliza.

"Bado, mjomba."

Akasema basi tuiache Ureno. Afrika Kusini hatukuifungua hata: viza yao ya wastaafu inataka randi 37,000 kwa mwezi.

Dhana: Msumbiji ni kwetu, tunavuka tu.

Hii ndiyo yenye utamu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wamakonde wako kingo zote mbili za Ruvuma, Wamakua vilevile. Kiswahili kinakufikisha Palma hadi Mocímboa da Praia bila mkalimani, na Kimwani cha pwani ile ukikisikiliza kwa makini unaokota maneno mengi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lipo tangu 2010. Mjomba ana dada upande wa pili na kila harusi anavuka.

Ila kwenda harusini si kuhamia. Msumbiji imo SADC pamoja nasi, lakini haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili chako kinaishia sokoni na msikitini. Ofisini karatasi zote ni Kireno. Ardhi ni ya serikali, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kinachopatikana ni haki ya kuitumia, wenyewe wanaiita DUAT, na sheria yao ya 1997 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka isiyopungua 5 na awe na mradi ulioidhinishwa. Kwa hiyo lile shamba la ukoo ambalo shemeji anasema "njoo ulime tu" atalilima shemeji.

Na Cabo Delgado, jimbo lenye hizo Palma na Mocímboa, kuna vita tangu Oktoba 2017. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na waliokimbia tuliwaona wenyewe wakivuka kuja huku. Barazani watu hulisahau hilo haraka sana, sijui kwa nini.

Dhana: Afrika Mashariki ni moja, Mombasa ni kama Lindi.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na kweli imerahisisha kuingia na kufanya kazi. Ardhi iliachiwa kila nchi na sheria zake. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu asiye raia kuwa mpangaji tu, kwa miaka isiyozidi 99. Basi.

Dhana: Nikipata uraia wa huko, wa hapa unabaki.

Haubaki. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unakwenda. Hadhi maalumu kwa diaspora imepunguza makali, lakini si uraia. Na kadi ya bima ya afya aliyonayo mjomba inafanya kazi kwenye vituo vya humu nchini. Presha yake inapimwa hapa, dawa anachukua hapa, na akizidiwa kuna hospitali ya kanda pale Mitengo.

Tulipofika hapo kahawa ilikuwa imepoa. Mjomba akaikunja ile risiti, akaitia mfuko wa shati.

"Kwa hiyo hakuna nchi?"

"Zipo, mjomba. Ila hii orodha aliandikiwa mtu mwingine."

Akafikiri kidogo, akaniuliza kama palizi ya mikorosho ya Nanyamba nimeshampata mtu.