RAD52: jeni ya hamira inayounga DNA iliyokatika

Changanya kemikali iitwayo MMS, inayojeruhi DNA, kwenye chakula cha hamira, asilimia 0.01 tu. Hamira nzima, isiyo na hitilafu, itaendelea kuota. Hamira ambayo jeni yake ya RAD52 ina hitilafu haitaota. Tofauti hiyo unaiona kwa macho baada ya siku mbili tatu kwenye joto la nyuzi 30, na ndiyo aina ya tofauti iliyotuwezesha kuzinasa jeni za namna hii zamani. RAD52 ilikloniwa, yaani ilitengwa na kunakiliwa, mwaka 1983. Jenomu ya hamira, yaani DNA yake yote, ilikuja kusomwa mwaka 1996.

Hamira ninayoizungumzia ni Saccharomyces cerevisiae, hiyohiyo inayoumua maandazi. Jeni za RAD zilipewa jina hilo kwa sababu ya mionzi: watafiti waliipiga hamira eksirei au mwanga wa urujuanimno, wakachagua zile zinazokufa upesi, wakazipa namba. RAD52 na wenzake hushughulikia jeraha baya kuliko yote, pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika pamoja. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake bado umeshikilia. Zikikatika zote mbili, kromosomu imevunjika, na mvunjiko mmoja tu usioungwa unatosha kuiua seli.

Katika kuunga, ncha zilizovunjika hutafunwa kwanza, ukabaki uzi mmoja unaoning'inia. Protini ya RPA huuvamia uzi huo na kuufunika. Anayetakiwa pale hasa ni protini nyingine, Rad51, maana ndiye anayekwenda kutafuta nakala inayofanana kwenye kromosomu isiyovunjika ili sehemu iliyopotea iandikwe upya. Lakini RPA ameshika na hataki kuachia. Rad52, protini inayotokana na jeni ya RAD52, ndiye anayemfungulia Rad51 nafasi.

Ukitaka kuikloni jeni kama hii bila kuujua mfuatano wake, unaiachia hamira mgonjwa ikuonyeshe. Unachukua DNA ya hamira nzima, unaikata nusunusu kwa kimeng'enya cha Sau3AI, unachagua vipande vya herufi kama 10,000, kisha unavipachika kwenye plasmidi (viduara vya DNA vinavyobeba jeni) zenye jeni ya URA3, inayoiwezesha hamira kujitengenezea urasili. Jenomu ina jozi za herufi milioni 12 hivi, kwa hiyo vipande 1,200 vingetosha kama vingepangika vizuri. Havipangiki. Ukitaka uhakika wa asilimia 99 kwamba kipande chako kimo, unahitaji kama 5,500. Unaziingiza plasmidi hizo ndani ya hamira ya rad52 (herufi ndogo humaanisha jeni yenye hitilafu), unaotesha bila urasili ili zibaki zilizopokea plasmidi tu, halafu unagandamiza sahani juu ya kitambaa cha mahameli na kuhamishia vikoloni vyote kwenye sahani yenye MMS. Kinachoota ndicho unachokitafuta.

Au hivyo ndivyo nilivyoamini mara ya kwanza. Nilipata kikoloni kimoja kizuri, kinene, katikati ya sahani tupu, na nikakitunza wiki nzima kama yai. Kisha nikakipeleka kwenye 5-FOA, dawa inayoua kila seli yenye URA3 hai, ili nipate seli zilizoitupa plasmidi. Zilizobaki nikazirudisha kwenye MMS. Zikaota. Plasmidi haikuwa na kazi yoyote. Seli ilikuwa imejirekebisha kwa mutesheni ya pili, yaani badiliko jingine la DNA, kwenye kromosomu yake. Tangu siku hiyo simkubalii mwanafunzi yeyote matokeo ambayo hayajapita 5-FOA: plasmidi ikitoka, ugonjwa lazima urudi.

Mtego mwingine ni plasmidi zinazojizidisha sana. Hizo zinaweza kukupa jeni nyingine inayofunika tatizo kwa wingi wake tu. Kwa mfano, Rad51 ikizidishwa husaidia baadhi ya mutesheni za RAD52, zile zilizokatika mkiani. Mimi napendelea plasmidi yenye sentromia (sehemu inayoshikwa kromosomu zinapogawanywa), inayokaa nakala moja au mbili kwa seli.

Wagonjwa wa saratani wanaingia hapa kwa njia isiyotarajiwa. Hamira haina BRCA2, jeni ambayo hitilafu zake huleta saratani ya matiti. Binadamu tunayo, na kwetu yeye ndiye mpakiaji mkuu wa Rad51 kwenye uzi. Panya aliyeondolewa Rad52 huishi karibu kama kawaida, jambo lililowafanya wengi waipuuze. Lakini seli za binadamu zilizopoteza BRCA2 huitegemea RAD52 ili ziishi, na ndiyo maana sasa inatafutwa dawa ya kuizuia ndani ya uvimbe wa aina hiyo.

Sasa ushauri kwa anayetaka kuifuta RAD52 kwenye hamira yake. Tunafuta jeni kwa kuingiza kipande cha DNA chenye alama, mathalani kanMX (jeni ya kustahimili dawa), kikiwa na herufi 40 hivi kila upande zinazofanana na majirani wa jeni. Seli hukipokea kipande hicho na kukibadilisha na jeni yake, na kazi hiyo inaihitaji Rad52. Yaani RAD52 inashiriki kujiondoa yenyewe, na ikishaondoka mlango umefungwa: hutaweza tena kufuta au kupachika kitu kingine kwa njia hiyo. Maliza mabadiliko mengine yote kwanza. Au iache RAD52 nzima kwenye plasmidi ya URA3, fanya kazi yako yote, na siku ya jaribio uifukuze kwa 5-FOA. Gandisha nakala kwenye gliseroli siku hiyohiyo, kwa sababu hamira isiyo na RAD52 huota polepole, na wale wanaopata mutesheni ya kuwasaidia huwapita wenzao haraka.