"Nucleus": kutoka ndani ya ganda hadi ndani ya atomu

Katika kazi yangu ya bayolojia ya seli hakuna neno ninalolitumia zaidi ya "nucleus", yaani kiini cha seli, na nadhani anayelijua asili yake huielewa seli vizuri zaidi. Warumi waliliita tunda lenye ganda gumu "nux", na kutokana na shina lake, "nuc-", wakapata "nuculeus", baadaye "nucleus", yaani kile kinachobaki mkononi ganda likishapasuliwa.

Mwaka 1831 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alipokuwa akichunguza okidi kwa hadubini, aliona ndani ya seli doa moja la mviringo. Wengine walikwisha kuliona, ila yeye ndiye aliyelipa jina hilo. Bandua utando mwembamba wa kitunguu, utone iodini, kisha utazame: kuta za seli zimejipanga kama maganda, na ndani ya kila moja, mara nyingi pembeni, imekaa punje ya manjano iliyokolea. Ukituliza jicho utaona ndani ya punje hiyo kitone kingine, "nucleolus", jina ambalo ni "nucleus" iliyofanywa ndogo tena.

Mwaka 1869, mjini Tübingen, Ujerumani, mwanasayansi Friedrich Miescher alichukua seli za usaha uliokuwa kwenye bandeji za wagonjwa, akatenga kutoka katika viini vyake kemikali aliyoiita "nuclein". Herufi N katika DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, imetokana na jina hilo, kwa hiyo lile tunda la Warumi limo hata humo.

Mwanafizikia Ernest Rutherford alilipeleka neno kwenye atomu mwaka 1912, na hapo naona sitiari imelegea, kwa sababu kokwa hujaza ganda lake, ilhali kipenyo cha kiini cha atomu ni kidogo kuliko cha atomu yenyewe kwa makumi ya maelfu ya mara.

Kiswahili kilikuwa tayari na "kiini", cha yai na cha mbegu, nalo linatosha kabisa kwa seli na kwa atomu. Kinachonisikitisha ni kwamba habari zikifika kwenye silaha na mitambo ya umeme tunasema "nyuklia", na mwanafunzi aliyejifunza kiini cha seli asubuhi husikia "nyuklia" jioni bila kutambua kwamba amekutana na neno lilelile.