Je, wajua kwa nini utawala wa mabavu huitwa utawala wa imla?

Aliyepita darasani anaikumbuka imla. Mwalimu anasoma sentensi, anatua, anairudia. Darasa zima limeinamia madaftari. Hakuna anayeuliza kama sentensi yenyewe ina ukweli. Unaiandika kama ilivyotamkwa, na ukikosea herufi, alama imekwenda.

Neno hilohilo ndilo tunalolisikia kwenye taarifa ya habari: utawala wa imla, kiongozi wa kiimla, masharti ya imla. Hayakufanana kwa bahati, kama paa wa porini na paa la nyumba. Ni neno moja.

Tumelipata kwa Waarabu. Kwao imla ni kumtamkia mtu maneno ayaandike, na siku hizi hulitumia pia kwa masharti ambayo mwenye nguvu humbebesha mnyonge. Hapo ndipo linapotofautiana na amri, ambayo nayo ni ya Kiarabu. Mwenye kuamrisha anakuambia ufanye nini, basi. Kunung'unika ni juu yako. Kwenye imla mkono ni wako, maneno ni yake, na karatasi itasomeka kana kwamba ni wewe uliyesema.

Ajabu ni kwamba asili ya neno haina ubaya huo. Katika Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 282, ile ndefu inayohusu madeni, anayetakiwa kumtamkia mwandishi ni mdaiwa. Naam, mdaiwa, si mdai! Anayebeba mzigo wa deni ndiye anayeutaja kwa kinywa chake, na mwandishi anaagizwa aandike kwa uadilifu.

Wazungu nao walipita njia hiyohiyo. Kilatini kina kitenzi dictare, kusema kwa kurudiarudia, kusema ili mwingine aandike. Humo ndimo alimotoka dikteta, ambaye huko Roma alikuwa ofisa halali wa wakati wa hatari na kwa kawaida hakuzidisha miezi 6, mpaka Julius Caesar alipopewa cheo hicho cha maisha mwaka 44 KK.

Wajerumani wana Diktat, na kwa mtoto wao wa shule hiyo ni imla ya kawaida kabisa. Mwaka 1919, baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wajumbe wao walikabidhiwa Mkataba wa Versailles ukiwa umeshaandikwa. Hawakuruhusiwa kujadiliana ana kwa ana. Walijibu kwa maandishi tu, wakatishiwa vita kuanza upya, wakatia saini Juni 28. Nyumbani kwao mkataba ule ukaitwa Diktat, kwa uchungu.

Kifungu cha 119 cha mkataba huo kiliwavua Wajerumani makoloni yao yote, Afrika Mashariki yao ikiwemo. Wenyeji wa huko, ambao ardhi yao ilikuwa inabadilisha mkoloni, hawakuitwa hata kuandika imla.