Dawa ya maumivu ya neva "imegoma"? Subiri kwanza kabla hujabadilisha

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni watu wa maumivu ya neva, yani miguu kuwaka moto usiku, ganzi, nyayo kuchomachoma. Wengi ni kisukari, wengine mkanda wa jeshi ulishapona kwenye ngozi ila maumivu yakabaki, wengine mgongo. Na kauli ninayoisikia kila leo dirishani ni hii: "dokta, hii dawa imegoma, nibadilishie."

Sasa nikianza kuuliza nakuta dawa yenyewe haikupewa nafasi. Mtu kapewa amitriptilini 10 mg usiku, kameza siku chache, mdomo ukakauka, asubuhi akaamka mzito, akaacha. Hiyo 10 ni ya kuanzia tu, inapandishwa mdogo mdogo, wengi nafuu wanaipata kati ya 25 na 75, alafu unahesabu wiki kadhaa tangu ufike kwenye dozi ya maana, sio tangu ulipofungua boksi. Gabapentini nayo vilevile, 300 mg kwa siku ni ya kuonjea, kazi yake inaonekana zaidi ukifika kama 1,800 kwa siku, zimegawanywa mara tatu.

Na kwenye nafuu tuelewane mapema, hizi dawa hazifuti maumivu, zinayapunguza. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza unaitwa OPTION-DM, watu 130 wenye maumivu ya neva ya kisukari, wakaanzishiwa amitriptilini au pregabalini au duloksetini, ambaye hakupata nafuu ya kutosha akaongezewa ya pili juu yake. Maumivu yakashuka kutoka wastani wa 6.6 kwenye 10 mpaka 3.3 baada ya wiki 16, na njia zote tatu zikakaribiana sana. Ndo maana mtu akiniuliza ipi ina nguvu zaidi, mimi namuuliza yeye anafanya kazi gani.

Sitanii. Chukua mvuvi wa dagaa, huyu usiku ndo yuko ziwani na taa zake, ukimwambia "meza usiku" umemwambia asinzie ndani ya mtumbwi. Wa namna hiyo dozi inafuata muda wake wa kulala, na kama ni dawa mpya napenda aianze kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, ajue kwanza inamlevya kiasi gani. Bodaboda pia, siku za mwanzo akae mbali na pikipiki. Mzee mwenye tezi dume anayehangaika kukojoa, au mwenye shida ya mapigo ya moyo, amitriptilini kwake simshauri kabisa. Figo zikiwa zimechoka, gabapentini na pregabalini lazima dozi ishushwe kwa sababu zinatoka mwilini kwa kupitia figo, kwaiyo kipimo cha kreatinini kije kabla ya cheti.

Haya, tuseme kweli inabidi kubadilisha. Kutoka gabapentini kwenda pregabalini ndo rahisi, ni ndugu, mara nyingi unaacha hii unaanza ile kwenye dozi inayofuata, ila usizimeze pamoja. Kadirio la kuanzia ni kugawa kwa sita, yani 1,800 ya gabapentini inaelekea kwenye 300 ya pregabalini kwa siku, alafu daktari anarekebisha. Kwa nini milligramu chache hivyo? Gabapentini utumboni inapita kama abiria kwenye kivuko cha Kamanga, kikijaa kimejaa, ukimeza 900 kwa siku inaingia kama asilimia 60, ukimeza 3,600 inaingia kama 33 tu. Pregabalini haina foleni hiyo, inaingia zaidi ya asilimia 90.

Kazi ipo kwenye amitriptilini kwenda duloksetini. Duloksetini inazuia ini kuivunja amitriptilini, kwaiyo ukizichanganya kienyeji amitriptilini inapanda kwenye damu, na zote mbili zinapandisha serotonini, kemikali moja ya ubongo. Hapa unashusha ya zamani kwanza ndo unaingiza mpya kwa 30 mg, baadae 60. Serotonini ikizidi, mtu akianza kutetemeka, jasho, moyo mbio, joto kupanda, hiyo ni hospitali sasa hivi, na mwambie daktari kama ulikuwa unajimezea tramado pembeni maana hiyo ndo inachochea zaidi (na watu huwa hawaisemi, sijui wanaogopa nini).

Kuacha ghafla pia hapana, hata kama umekasirika nayo. Pregabalini na gabapentini zikikatwa ghafla usingizi unakimbia, kichefuchefu, wasiwasi, wengine wanapata degedege, kwaiyo zishushwe kwa wiki moja au zaidi. Dawa ikikuishia ukiwa safarini Ukerewe usisubiri mpaka urudi mjini, piga simu tupange.

Kingine. Kama unatumia TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegraviri ndani) na umeandikiwa kabamazepini kwa maumivu ya neva ya uso, sema. Kabamazepini inashusha dolutegraviri kwenye damu, na virusi vinaweza kupata upenyo, kwaiyo ni ama utafutiwe dawa nyingine ama uongezewe dolutegraviri 50 mg ya pili, masaa 12 baada ya ile TLD. Na aliye kwenye metformini ya kisukari miaka mingi aulizie vitamini B12, mwenye isoniazidi ya TB aulizie B6, sababu ganzi nyingine inatoka hapo na hakuna kubadilisha dawa ya maumivu kutakakoiondoa.