Kijivu hutoka kwenye rangi

Ninapoletewa picha ya rangi ili niifanye nyeusi na nyeupe, jambo la kwanza ninaloomba ni faili ya awali yenye rangi zake zote, hata kama mwenye picha amekwisha kuigeuza mwenyewe na anataka nimrekebishie kontrasti tu. Wengine huona kwamba ninajitafutia kazi ya bure. Ukweli ni kwamba rangi ikishatupwa, tofauti nyingi zilizokuwamo pichani hutupwa pamoja nayo, na hakuna kitelezi cha mwangaza kinachoweza kuzirudisha.

Tuchukue mfano wa mtu aliyevaa shati jekundu, amesimama mbele ya majani mabichi. Kwa macho, shati linajitenga waziwazi na majani. Nikipima rangi ndani ya programu, kwa kipimo cha 0 (giza) hadi 255 (mwanga kamili), pikseli moja ya shati, yaani nukta moja ya picha, inanipa nyekundu 200, kijani 60 na bluu 50, na pikseli ya jani inanipa 70, 125 na 60. Kanuni moja iliyozoeleka ya kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya bluu, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi zaidi mwanga wa kijani na huhisi kidogo ule wa bluu. Piga hesabu hiyo kwa shati, utapata 101. Ipige kwa jani, utapata 101 vilevile. Shati limezama majanini, na kuongeza kontrasti hakutaliopoa, kwa sababu namba mbili zilizo sawa husogea pamoja popote unapozisukuma.

Kwa hiyo mimi hufungua kichanganya chaneli, kifaa kilichomo katika Photoshop, GIMP na programu nyingine nyingi, na kuamua mwenyewe kila chaneli, yaani sehemu ya picha inayobeba nyekundu, kijani au bluu peke yake, ichangie kiasi gani katika kijivu. Nikiipa nyekundu asilimia 60, kijani 40 na bluu sifuri, shati linapanda hadi 144 na jani linashuka hadi 92. Nikiiachia chaneli ya kijani peke yake, mambo yanageuka: shati linakuwa 60, karibu na weusi, na jani linapanda hadi 125. Jumla ya asilimia hizo nahakikisha inabaki 100, ili vitu ambavyo tayari ni vyeupe au vya kijivu visibadilike mwangaza wake.

Hili si jambo lililozuka na kompyuta. Mwaka 1927 mpiga picha Ansel Adams, akipiga picha nyeusi na nyeupe ya mlima wa Half Dome huko Marekani, alianza na kichujio cha njano mbele ya lenzi, akaona hakitampa anga aliyoikusudia, kisha akafunga chekundu kilichokolea, kinachozuia bluu ya anga, na anga ikatoka karibu nyeusi. Yeye alilazimika kuamua kabla ya kufyatua. Sisi tunaamua baadaye, tena tunaweza kughairi.

Kwenye nyuso za watu huwa mwangalifu zaidi. Chaneli nyekundu huing'arisha ngozi na kufifisha madoa na chunusi, ila ikizidishwa, midomo hupauka na uso hukosa umbo. Chaneli ya bluu hufanya kinyume: huikoleza ngozi na kutoa nje kila doa, na kwenye ngozi nyeusi hubakisha maelezo machache sana na chenga nyingi, yaani vidoadoa vya ovyo kama mchanga. Chenga hizo zina asili yake. Katika mpangilio wa vichujio vidogo vya rangi juu ya kihisi cha kamera, aliouvumbua Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976 na unaotumika katika kamera nyingi hadi sasa, nusu ya pikseli hupokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Picha ikipigwa chini ya taa ya manjano, bluu hupungukiwa zaidi, na ukiitegemea utaona mchanga mtupu.

Ndiyo maana hurekebisha rangi kwanza, hata kama mwisho wake itaondolewa. Natafuta kitu ninachojua ni cha kijivu au cheupe, nakipima, na kikinipa 182, 160 na 121 najua picha imeegemea umanjano. Narekebisha hilo kwenye faili ghafi (RAW), ile iliyotoka kwenye kamera bila kuchakatwa, mpaka namba tatu zikaribiane. Baada ya hapo ndipo nachanganya chaneli, na mwisho kabisa nagusa mkunjo wa toni, mstari wa kurekebisha mwangaza na kontrasti. Kazi yote naifanya kwa biti 16, kwa kuwa biti 8 hutoa ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na picha ya kijivu ikivutwa sana katika ngazi hizo, anga laini hukatika mistari mistari.

Kabla ya kuhifadhi, naikuza picha hadi asilimia 100 na kupitia kingo ambapo anga inakutana na majengo au nywele. Ukiona utepe mweupe umezizunguka, umeishusha bluu kupita kiasi. Irudishe juu kidogo kidogo mpaka utepe upotee.